Mbio na Pumzi za Manju Masalu

Juzi nimekabidhi filimbi, mipira isiyo na upepo na ufunguo wa stoo ambayo paa lake linavuja. Mwalimu kijana aliyevipokea aliniuliza kwa adabu kama nina neno la kuwaachia wenzangu wa mazoezi ya viungo. Ninalo, tena ni refu, kwa hiyo nimeamua kuliandika ili anayechoka apumzike katikati. Vyeo nitaviruka, na kwa kuwa vilikuwa vichache sitahitaji kuruka mbali. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaeleza jinsi nilivyoanza, halafu nitamweleza mtu mmoja mwenye kitambi, na nitaishia siku ya Uhuru. Miaka iliyofuata baada ya hapo nilikuwa narudia tu yale niliyoyaona kabla yake.

Jina langu ni Mugeta, Mjita, na nilikuja upande wa Mwanza nikiwa mwalimu mpya katikati ya miaka ya hamsini. Chuoni somo la viungo tulifundishwa na mzee tuliyemwita Sajini Malale. Alikuwa amepigana vita Burma, akarudi na goti bovu, filimbi ya shaba, na chuki kubwa kwa watu wanaokimbia mpaka wakazimia. Alisema askari anayepanda mlima na mzigo bila kusimama hufika juu akiwa hana faida kwa mtu yeyote isipokuwa adui. Kwa hiyo alitukimbiza kwa vipande. Akipiga filimbi, tunakimbia kwelikweli. Akipiga tena, tunatembea, mikono kiunoni, mpaka moyo urudi mahali pake. Kisha mbio tena. Siku hizi naona mnaita mazoezi ya vipindi na mmeyachorea majedwali mazuri ukutani. Yeye aliyaita mbio na pumzi, na ukuta hakuwa nao.

Mimi nilikuwa kijana wa kujionyesha. Wenzangu walipotembea, mimi niliendelea kukimbia ili Sajini anione shujaa. Aliniona kweli.

"Wewe, nani kakuambia ukimbie?"

"Nina nguvu bado, Sajini."

"Na hiyo pumzi unayoitapanya ni ya nani?"

"Ni yangu, Sajini."

"Si yako. Ni ya mbio inayofuata. Umeiba!"

Niliadhibiwa kwa kukaa chini huku wenzangu wanakimbia, na sijapata adhabu iliyoniuma kama ile. Siku ya kuhitimu alinipa filimbi yake ya shaba. Nilipomshukuru aliniambia nisiipulize ovyo.

Shule niliyopangiwa ilikuwa kando ya ziwa, njia ya kwenda Buhongwa. Siku yangu ya kwanza mwalimu mkuu alinionyesha uwanja wa michezo kwa fahari, nami nikaona mawe. Mnaijua Mwanza: Mungu alipomaliza kugawa mawe duniani, yaliyobaki aliyamwaga hapa. Nikatafuta mahali pengine, nikapata ufukwe chini ya shule. Mchanga ulikuwa mpana, upande mmoja una jiwe kubwa lililosimama peke yake, upande wa pili mitumbwi na akina mama wanaoanika dagaa. Hapo ndipo nilipofanyia kazi. Wazazi wawili watatu walikuja kulalamika kwamba kwenye kipindi cha mbio nawatembeza watoto wao. Niliwaambia waje kuwaona watoto hao siku ya mashindano ya shule. Walikuja, wakaona, hawakulalamika tena, ingawa hawakuomba radhi pia.

Miaka ikaenda. Siasa zikapamba moto, watu wakawa wanasalimiana kwa kunyoosha vidole juu na kutaja uhuru kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Ni wakati huo, siku moja asubuhi, nilipomwona mtu mzima anateremka ufukweni akishikilia kitambi chake kwa mkono mmoja, kama mtu anayebeba mtungi asiotaka kuumwaga.

Nilimjua. Nani asimjue Masalu? Alikuwa manju, kiongozi wa kuimba na kucheza, na sauti yake ilisifiwa tangu Igoma hadi Buhongwa na mbele yake.

Kwa wale wasiotoka huku nieleze kidogo. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, na kila familia iko upande mmoja. Pamba ikishavunwa, vyama hukutana uwanja mmoja kushindana, kila kimoja na manju wake, ngoma zake na nyimbo za kumdhihaki mwenzake. Hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni umati. Wote wawili hucheza kwa wakati mmoja, huyu huku na yule kule, na watu husimama wanapopendezwa. Wakichoshwa huhama kwa miguu yao kwenda upande wa pili. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Ni hukumu ya kikatili, maana unaiona ikikugeuzia migongo.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Naambiwa una dawa ya pumzi."

"Sina dawa, mzee. Nina filimbi tu."

"Basi nipulizie hiyo filimbi."

Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanieleza. Alikuwa amepata kazi ya kupima pamba katika kituo cha ununuzi. Kazi nzuri, lakini ya kukaa. Anakaa mbele ya mizani kutwa, chai ya sukari inakuja, maandazi yanakuja, soda inakuja, na kila mkulima mwenye furaha anamletea kitu cha kutafuna. Kitambi kikaja chenyewe. Watu walikisifu, wakasema sasa Masalu amekuwa mtu. Lakini katika mashindano yaliyopita, pale Buhongwa, alipokuwa katikati ya wimbo wake mkubwa, pumzi ilikatika. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Umati wote ukahamia kwa Lufunga, manju wa upande wa pili.

"Vijana wangu wameshaniambia," alisema. "Mwaka ujao nikikatika tena, wanamweka mwingine. Mwalimu, mimi bila ngoma ni mpima pamba tu. Nimeanza kuimba kabla sijaota meno ya pili. Wakinitoa pale uwanjani sijui nitaamka asubuhi nifanye nini."

Alisema hivyo bila kulia, na ndiyo maana iliniingia zaidi. Akanionyesha mkanda wake wa kuchezea, wa ngozi uliopambwa kwa kauri, alioachiwa na baba yake. Haukuzunguka tena kiuno. Ncha mbili alikuwa ameziunganisha kwa kamba ya katani, na kamba yenyewe haikuwa fupi.

Siku ya kwanza nilimpa kanuni ya Sajini, pamoja na ile habari ya pumzi ya mbio inayofuata. Tutembee kwanza mpaka mwili upate moto. Halafu kutoka kwenye jiwe ukimbie kuelekea mitumbwini, siyo mbali, kama vile ndama wa jirani kaingia shamba lako la pamba. Ukifika, unarudi kwa kutembea. Unapumua. Kisha tena. Mara chache tu kwa kuanzia, halafu unakwenda kazini, na kesho unapumzika kabisa.

Alinisikiliza vizuri sana. Halafu akina mama wa dagaa walipomtambua wakaanza kupiga vigelegele, na kanuni yote ikapeperuka. Manju ni manju. Akiona watu wanamtazama hawezi kutembea. Alikimbia kwenda, akakimbia kurudi, akakimbia kwenda tena huku amewanyooshea mikono, na mara ya tatu akapiga magoti kando ya maji akatapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yote aliyokuwa ameamkia. Akina mama wakanyamaza. Yeye akafuta mdomo akaniuliza, "Sasa kitambi kimepungua?"

Nilijaribu ngoma. Niliwaza, mtu huyu ameishi kwa mdundo, basi nimpe mdundo. Akamleta mpiga ngoma wake: adundishe haraka wakati wa mbio, polepole wakati wa kutembea. Mpango mzuri, ila sikuwa nimemjua mpiga ngoma wa Kisukuma. Akidundisha polepole na watu wakaanza kukusanyika, mikono yake inamwasha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ngoma inaweza kupoa mbele ya watu. Kila kipindi cha kutembea kiligeuka kuwa mbio, na siku moja akina mama wa dagaa nao waliingia kucheza, dagaa wakaliwa na kunguru, na lawama nikabebeshwa mimi. Mpiga ngoma nikamrudisha nyumbani kwa heshima.

Sikilizeni sasa, vijana wenye saa za mkononi, maana hapa ndipo nilipopata kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Saa sikuwa nayo, na filimbi inatoka kinywani mwangu, haijui moyo wa mtu mwingine unakwendaje. Nilimwambia Masalu: "Mzee, ukitembea, imba. Ubeti mmoja, mzima, kwa sauti ya kawaida. Ukikata pumzi katikati, hujapona, endelea kutembea na uanze ubeti upya. Ukiumaliza bila kukata, kimbia."

Akacheka kicheko kikubwa ambacho akina mama walikisikia. "Yaani kusimama kwenyewe ni kuimba?"

"Ndiyo hivyo."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Sikusema kwa sababu nilikuwa sijui. Lakini jamani, furaha ya asubuhi ile! Alikimbia, akarudi anatembea anahema, akaanza ubeti, ukakatika. Akaanza tena, ukakatika karibu na mwisho. Akaanza tena, ukaisha wote, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshachomoka kama swala, swala mwenye kitambi lakini swala. Nilijikuta naruka peke yangu pale mchangani. Tangu siku hiyo kila niliyemfundisha, awe mwanafunzi au karani, nimemwimbisha. Wasiojua kuimba huwaambia wahesabu mbuzi wa baba yao.

Sasa la chakula. Mimi si daktari na sikujifanya. Nilimwambia ugali wake ale, mboga ale, samaki ale. Sukari kwenye chai aisahau, maandazi ya kituoni awape wakulima, samli asiimwage kwenye kila kitu. Na asije kwangu ameshiba michembe. Basi. Baada ya wiki kadhaa ile kamba ya katani ilianza kufupishwa, na yeye kila akija ananionyesha fundo jipya kabla ya salamu.

Hapo ndipo alipokuja Minza, mke wake. Alipanda mpaka ofisini kwetu, mwanamke mrefu, kanga ameikaza, na hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwalimu, mume wangu unamfanya nini?"

"Shikamoo, mama. Namfundisha mbio."

"Marahaba. Majirani wananiuliza ana ugonjwa gani. Mashemeji wananiuliza kama nimeacha kupika. Mtu alikuwa na mwili wake mzuri, wewe unamkausha kama dagaa. Mimi napakua, yeye anasukuma sahani. Unajua aibu ya mwanamke ambaye mume wake anakonda?"

Sikuwa nimeijua, na chuoni hawakutufundisha. Kitambi kile hakikuwa cha Masalu peke yake, kilikuwa pia cheti cha Minza mbele ya ukoo mzima. Nilimwambia ukweli, kwamba mumewe haumwi, na kwamba anayetaka kujua aje kuona. Akaja kesho yake, akakaa juu ya jiwe amenuna. Masalu akakimbia, akarudi anaimba. Katikati ya ubeti akaiba pumzi kidogo, kwa ujanja, mahali ambapo mimi nisingegundua.

"Umekata!" alifoka Minza kutoka juu ya jiwe. "Huo ubeti nimeusikia tangu nikiwa mwali, hauna nafasi hapo. Rudia!"

Masalu akarudia. Tangu siku ile Minza hakukosa, na kazi yangu ikawa nyepesi mno. Majirani walipomuuliza tena kuhusu ugonjwa aliwajibu kwamba mumewe anakimbia kuliko waume zao, na kama wanabisha wawalete.

Lakini mji mdogo hauna siri. Habari zilifika kwa Lufunga kwamba Masalu ana dawa. Kwenye mashindano ya ngoma dawa ni jambo la kawaida kama mkanda wa kauri. Kila upande una fundi wake wa kuvuta umati. Wapelelezi wa Lufunga wakaja wakajifanya wananunua dagaa. Walichokiona ni hiki: mtu anaanzia kwenye jiwe, anakimbia, anarudi taratibu akinong'ona maneno, anagusa jiwe kwa kiganja, anakimbia tena. Sasa wewe, ukiwa umekuja kutafuta dawa, utaona nini? Waliona jiwe.

Asubuhi moja tulikuta jiwe limebanduliwa vipande upande ule aliougusa Masalu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Masalu hakucheka. Alikuwa anatazama mchanga. Nyayo zake za juzi zilikuwa zimechotwa, moja baada ya nyingine, zimebaki visima vidogo. Kwa watu wa huku, anayechota unyayo wako amechota miguu yako.

"Nimekwisha," alisema. Akageuka akapanda juu, na hakuja tena siku hiyo wala zilizofuata.

Nilihangaika. Nilijua nikimwambia huo ni ujinga nitakuwa namtukana yeye na baba yake. Na muda ulikuwa unakwenda. Mtu aliyeanza kupata pumzi akiacha, pumzi nayo humwacha. Ndipo siku moja nilipokuwa nawatembeza wanafunzi nikaona jambo ambalo lilikuwepo miaka yote. Pale maji yanapogusa mchanga, unyayo haukai. Wimbi dogo linakuja, linafuta, linaondoka.

Nikaenda mbio mpaka kwa Masalu, mimi mwenyewe, bila pumziko hata moja, na Sajini angenitukana.

"Mzee, kuanzia kesho utakimbilia ukingoni, miguu kwenye maji. Waje wachote."

Alifikiri. Minza akafikiri haraka kuliko yeye. "Wakitaka unyayo wako," alisema, "itabidi walibebe ziwa lote."

Kesho yake alikuwa ufukweni kabla yangu. Na niwaambie jambo la kitaalamu: mchanga wa ukingoni ni mgumu kidogo, hauzamishi kisigino, na maji yanayorudi yanavuta mguu kiasi cha kukufanya uuinue. Alianza kukimbia vizuri kuliko kule juu. Uchawi wa Lufunga ulitupatia uwanja bora, na sijui kama niliwahi kumshukuru ipasavyo.

Pamba ikavunwa. Tukaenda Buhongwa. Mashindano huchukua siku kadhaa, lakini ya mwisho ndiyo hubeba jina, na siku hiyo uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mawe. Mkanda wa kauri ulizunguka kiuno cha Masalu, ngozi kwa ngozi, bila katani. Minza alikuwa ameifunga ile kamba mkononi mwake kama bangili.

Walianza pamoja. Lufunga alikuwa hodari, mgala muue na haki yake mpe. Alikuwa kijana kuliko Masalu, mwepesi, na ngoma zake zilidunda bila kukoma. Masalu alicheza kwa nguvu zote, vumbi likapanda, watu wakashangilia. Halafu akasimama.

Sikutegemea. Nilidhani ufukweni ni ufukweni na uwanjani ni uwanjani. Lakini alisimama kweli katikati ya mashindano, mikono kiunoni, akaanza kutembea polepole huku anaimba kwa sauti ya kawaida, na mpiga ngoma wake, yule yule niliyemrudisha nyumbani, safari hii aliishusha ngoma mpaka ikawa inanong'ona. Hakuna manju aliyewahi kufanya hivyo. Vijana wake walitazamana. Nyuma ya umati watu wakaanza kugeuka, kwanza wachache, kisha kundi zima, wakavuka kwenda kwa Lufunga. Niliona migongo. Nilishika filimbi mfukoni nikatamani kuipuliza, kimbia, mzee, kimbia, watu wanaondoka! Masalu aliwaona vilevile kama nilivyowaona. Akaendelea kutembea. Ubeti ulikuwa haujaisha.

Na kwa kuwa aliimba taratibu, waliobaki walisogea karibu wasikie. Ubeti ulimdhihaki Lufunga, kwamba amekula jiwe la Mwanza mpaka meno yamelegea. Wakaangua kicheko. Ubeti ukaisha bila kukatika, Minza akapiga kigelegele kimoja, na Masalu akalipuka. Sijui niseme vipi. Aliruka kama mtu aliyeanza siku sasa hivi. Waliokuwa wamevuka waligeuza shingo. Akasimama tena, akaimba, akacheza tena. Kila akisimama, waliohama walikuwa wachache zaidi, kwa kuwa walishajua kinachofuata na hawakutaka kukikosa.

Upande wa pili ngoma ikilia sana hupasuka. Jua lilipoanza kushuka Lufunga alikuwa bado anacheza, lakini miguu ilikuwa inaburuza na sauti imekuwa mkwaruzo. Akafungua mdomo, na ikatokea kama ilivyomtokea Masalu mwaka uliopita. Umati ulihama wote. Nilipiga kelele mpaka nikapoteza sauti, mwalimu mzima na tai shingoni. Nimeona wanafunzi wangu wakishinda makombe baada ya hapo, lakini furaha ya Buhongwa haijawahi kurudiwa.

Siku chache baadaye Lufunga aliteremka ufukweni peke yake, amebeba kifurushi. Akakifungua mbele yangu na mbele ya Masalu. Kulikuwa na vipande vya jiwe na mchanga.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Masalu. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hii haikufanya kazi. Nimerudisha."

Masalu alicheka mpaka akashika jiwe. Lakini kijana hakucheka, na mimi nilikumbuka sura ya Masalu siku ile juu ya mtumbwi. Ilikuwa sura hiyohiyo.

"Dawa yenyewe ni nini?" aliuliza.

Nilimtazama Masalu. Ilikuwa yake, na hakulazimika kuitoa. Akasema, "Ni kusimama. Vua viatu."

Basi nikawa na mamanju wawili. Mmoja alikimbia huku mwenzake anatembea na kuimba, na kwa kuwa nyimbo zao zote zilikuwa za kudhihakiana, kila mmoja alikimbia akitukanwa. Minza aliwahukumu wote kwa haki ileile. "Umekata, Lufunga! Kama unamtukana mume wangu, mtukane mpaka mwisho!" Mazoezi matamu kama yale sijayaona tena.

Ikafika Desemba, ikafika Uhuru. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wa Nyamagana pale mjini una matope, na hakuna aliyejali. Waandaaji walitaka ngoma za pande zote mbili, lakini wazee wa vyama wakaanza kubishana: nani atacheza upande gani, nani ataanza, umati ukihama siku ya Uhuru itasemwaje? Ilionekana hakuna atakayecheza. Masalu na Lufunga walisikiliza mabishano, wakanong'onezana, wakaingia uwanjani wote wawili, mahali pamoja, katikati.

Masalu alianza. Alicheza mpaka matope yakaruka, akasimama akatembea, na kabla ngoma yake haijapoa ngoma ya Lufunga ikaipokea, kijana akaruka. Naye alipochoka akasimama, Masalu akaingia. Umati kwa mazoea ukayumba kwenda upande mmoja, ukayumba kurudi, kisha ukagundua kwamba hauna pa kuhamia. Watu wakaanza kucheka, wakasogea, wakawazunguka. Ngoma haikunyamaza asubuhi ile yote, na hakuna aliyekata pumzi.

Katika kutembea kwake Masalu alipita karibu nami, jasho linamtiririka, kauri zinalia kiunoni. Nililia waziwazi na sikuona haya.

"Mzee," nilimwambia, "pumzi unayo!"

"Ninayo," alisema. "Lakini si yangu, Mwalimu. Sajini wako alisema kweli." Akamwonyesha kwa kidevu Lufunga, ambaye wakati huo miguu yake yote miwili ilikuwa juu hewani. "Ni ya yule."

Lufunga akatua akasimama, na Masalu akaingia.